Kumbukumbu za Kikao

Mimi ndiye karani. Naandika kwa wino wa buluu,
na majina yanayokatwa nayakata kwa mwekundu,
kwa rula, maana Mzee Kivuva hapendi mstari uliopinda.

Jumanne, saa kumi na mbili jioni, Kayole,
chumba cha nyuma cha kanisa letu la mabati.
Waliohudhuria: wazee watano, karani, mshtakiwa.
Mvua nayo ilihudhuria; ilipiga paa
hata maswali yakaulizwa mara mbili mbili.

Mshtakiwa: Truphena Ombima, mshonaji wa sare za shule,
miaka kumi na tisa ushirikani, hajakosa zaka.
Kosa: alisema siku ile haikufika.

Siku ile sote tunaijua. Tulifunga siku saba.
Tuliuza makochi, mitungi ya gesi;
mimi nilimpa jirani paka wangu.
Tukasimama uwanjani na kanzu nyeupe, macho upande wa Njiru,
jua likatoka palepale litokapo siku zote,
juu ya machimbo ya mawe,
na lori la kokoto likapita, dereva akatupungia mkono.
Jumamosi tukaambiwa: ilifika, ila huko mbinguni.
Tukasema Amina.
Nami nilisema. Ilinikaa ulimini
kama kidonge kilichokataa kumezwa.

Truphena hakusema madhabahuni. Hakusema sokoni.
Alimwambia mumewe, usiku, taa imezimwa,
kichwa chake kifuani pa mwanamume huyo:
Baba Kageha, mimi nadhani haikufika.
Na Baba Kageha akalala nalo, akaamka nalo,
akalileta. Sheria ya saba yasema asiyeleta ni mwenzake.
Sasa yuko nje kwenye benchi,
ameshika mwavuli wa mkewe.

Unakuja ibada?
Nakuja.
Unatoa?
Natoa.
Unatii?
Kitambaa hiki kichwani, nani amewahi kukiona kimeanguka?
Basi sema unaamini, twende nyumbani, na mvua hii.

Akanyamaza. Nikaandika: *akanyamaza*.
Kisha akasema, na hili sikuliandika:
Mzee, mmenipima mikono, mmenipima mfuko.
Huku ndani mnatafuta nini?
Mimi mwenyewe huingia kwa kupapasa.

Azimio: anyamaziwe hadi akiri.
Asisalimiwe, asikaribishwe chakula,
asiulizwe habari za watoto.
Mumewe alale chumba kingine.
Wana chumba kimoja tu, nikasema.
Mzee Kivuva akafikiri, akasema: pazia.

Mzee Gathogo hakuinua mkono. Alikuwa akikuna goti,
akalikuna mpaka kura zikaisha.
Nikamhesabu pamoja na walioafiki;
ndivyo tunavyohesabu.

Alhamisi nikamkuta kibandani kwa Mueni, anachagua nyanya.
Huyu ndiye aliyenishonea gauni la mazishi ya mama,
akakataa pesa, akakataa hata nauli.
Nikatazama vitunguu. Nikavitazama sana.
Mueni, ambaye si wetu, akauliza: Kwani mmekosana?
Truphena akajibu kwa niaba yangu:
La, dada. Yuko kazini.

Usiku huu nanakili yote kwenye daftari kubwa.
Swali la mwisho la kila kikao ni lilelile:
*Je, yuko mwingine?*
Mzee Kivuva huliuliza akitazama dari,
nasi tukitazama viatu,
nami huandika *Hayupo*.
Leo nimeliandika kwa penseli.
Akiuliza, nitasema wino uliisha.

Mume wangu ananiita, mbona taa bado inawaka.
Tangulia, namwambia, nakuja.
Siku hizi nasubiri kwanza nimsikie akikoroma,
kisha najilaza ukingoni, nimeuma shuka,
nisije nikaota kwa sauti.